Alama Yako kwenye Matairi ya Ndani

Baba Shija,

Shikamoo. Nimeliandika neno hilo kwa mazoea, kisha nikalitazama kwa muda, maana marahaba yako sitaisikia tena. Lakini siwezi kukusemesha bila kukuamkia. Ungekataa kunisikiliza.

Leo ni Jumamosi, saa nane mchana. Niko chumbani kwangu hapa Isaka na nimefunga mlango kwa komeo, ingawa nje watu wanapita na watoto wanacheza. Keshokutwa tajiri wetu mwenye malori anakuja kutoka Shinyanga mjini kusikiliza habari ya matairi yaliyoibwa yadini, na mimi ndiye nitakayeulizwa. Naogopa, Baba Shija. Nakwambia wewe tu. Wenzangu wanadhani nimekuwa jasiri.

Tangu tukuzike kule Kishapu mambo yamebadilika. Stoo yako ya matairi sasa inafunguliwa na Injinia. Ndiye yuleyule msimamizi wetu, ambaye uinjinia wake ulianzia kwenye jina na ukaishia hapohapo. Maneno hayo ni yako, usinisingizie. Fundi mpya wa matairi ni kijana wake. Salamu haitikii. Anapiga mluzi kutwa nzima.

Nakumbuka wiki yangu ya kwanza ya ukarani wa yadi. Nilikuja na cheti changu cha chuo, viatu vyeupe na kalamu tatu mfukoni, nikawa nakagua magurudumu ya lori nikiwa nimesimama mbali ili nisichafuke. Ulinitazama hadi nikamaliza, kisha ukasema, "Ng'wanawane, mwanangu, kwenu ng'ombe mnawahesabu mkiwa barabarani?" Ukanitandikia gunia, ukaniingiza chini ya tela. Ukanionyesha jinsi magurudumu ya nyuma yanavyokaa mawili mawili, moja nje na moja ndani. Ukaniambia mwizi mwenye akili hagusi la nje. Anafungua nati, anatoa tairi jipya la ndani, anaweka kipara, tairi lililokwisha, anarudisha la nje mahali pake, na lori linabaki limesimama kama halijaguswa na mtu.

Na siku ile ulipopasha chuma! Nilidhani unatania. Ulikileta kutoka nyumbani, chuma cha kupigia chapa ng'ombe wa baba yako: duara lenye mwanya mmoja. Ukakigusisha kidogo tu ubavuni mwa kila tairi jipya, ule moshi ukanikohoza, nawe ukanieleza kwamba duara ni zizi na mwanya ni lango. "Lango litazame ringi siku zote. Ng'ombe anarudi ndani, haendi kwa watu." Madereva walikucheka. Ukawajibu kwamba kwenu hajawahi kupotea ndama, na wao waseme kwao zimepotea spea ngapi.

Ulipokuwa hai nilikagua mpaka la mwisho. Ulipoondoka, nikaacha kuinama. Hili sikulisema kwa mtu mpaka jana. Utingo mmoja alinikuta nimelala chini ya lori akapaza sauti, "Jamani, karani anatafuta nyoka!" Yadi nzima ikacheka. Ulipokuwepo hakuna aliyethubutu. Kesho yake nilikagua nimesimama. Lori la dereva Sospeter lilipopangiwa kwenda Rwamgasa na saruji, niliyaona ya nje ni mapya, nikasaini fomu kwamba yote ni mazima. Tairi la ndani likapasuka mbele ya Kahama. Mungu alisaidia, Sospeter hakuumia. Lakini walipofungua wakakuta vipara, na fomu yangu ilisema ametoka na matairi mapya. Wakasema ameyauza njiani. Akafukuzwa. Nami nikakaa kimya, Baba Shija. Nikajiambia labda kweli aliyauza. Nilijua hakuyauza.

Juzi Alhamisi, saa sita hivi, ilikuwa zamu ya lori la Athumani. Lilikuwa limelala yadini siku tatu likisubiri mzigo wa reli. Injinia aliniletea fomu mwenyewe, akaiweka juu ya boneti pamoja na kalamu. "Saini, dada, watu wa Rwamgasa wanasubiri saruji." Nikaitazama ile kalamu. Sijui ni nini kilichonisukuma. Nikavuta gunia nikaingia chini na suruali yangu safi.

Nikamulika kwa simu. Alama yako ilikuwepo. Nilishusha pumzi, nikataka kutoka. Kisha nikaitazama tena. Lango lilitazama nje. Nikaenda tairi la pili la ndani: nje. La tatu: nje. Nikapitisha kidole, kikatoka na masizi. Chapa ni ya juzijuzi, tairi lenyewe limeisha hadi linang'aa, na wewe hujawahi kupiga chapa kipara. Nilipokuwa nakusanya vitu vyako stoo, kile chuma sikukiona. Nilidhani mwanao Shija alikibeba. Hakukibeba.

Wamekutumia wewe kuniibia. Pale chini ya lori hasira ilinipanda mpaka nikasahau kuogopa.

Nilitoka nimejaa vumbi, nikasema, "Sisaini."

Injinia akacheka. "Alama si ipo? Si nyie na mzee wenu mlisema alama ndiyo ushahidi?"

"Ipo," nikasema. "Ila aliyeipiga hajafuga hata mbuzi."

Nikawaeleza madereva habari ya lango. Wakainama mmoja mmoja kuangalia, na wengi wao ni Wasukuma, unajua hawahitaji kufundishwa. Mzee mmoja akatoka akijifuta magoti, akasema kwa sauti, "Kwa zizi hili, ng'ombe wote wameshafika Kahama!" Watu wakacheka mpaka mlinzi akaja kuuliza kuna nini. Athumani hakucheka. Alichomoa ufunguo wa lori, akautia mfukoni, akaketi kwenye bampa. "Halitoki," akasema. "Mimi si Sospeter."

Hapo ndipo Injinia aliponiinamia sikioni, taratibu kabisa, kama mtu anayenishauri. "Na lile la Sospeter, saini ni ya nani?"

Jioni ukaja ujumbe kwenye simu, namba siijui: *Ukinyamaza, na saini yako itanyamaza.* Mama amepata habari, amenipigia, anataka nirudi nyumbani leo hii. Anasema kazi zipo nyingi, mtoto ni mmoja.

Jana nilipanda basi nikaenda Kahama kwa Sospeter. Mkewe, Mama Neema, alinikaribisha chai kabla hajajua nimefuata nini. Nilipokiri habari ya saini yangu, akaondoa kikombe mbele yangu. Sikumlaumu. Nilitarajia Sospeter anitukane. Akasema tu, "Mbona unaniambia mimi? Mimi nilikuwa najua. Kamwambie asiyejua."

Basi nitamwambia. Nimelifikiria usiku na mchana, na nimeona Injinia ana kitu kimoja tu cha kunishikia, nacho ni saini yangu. Jumatatu sitasubiri aitoe yeye. Nitasimama mbele ya tajiri na kuanza na kosa langu mwenyewe: nilisaini lori la Sospeter bila kuinama, na mtu asiye na hatia akapoteza kazi kwa uvivu na aibu yangu. Kisha nitamwomba tajiri apige magoti na suti yake, aone mwenyewe walichofanya kwa chuma chako. Akitaka kunifukuza, anifukuze baada ya hapo. Na huyo wa ujumbe wa simu, aandike mwingine akipenda. Nitausoma kwa sauti mbele ya watu wote.

Bado naogopa. Lakini mama nimeshamjibu: siji.

Pumzika, Baba Shija. Nisamehe kwa lile moja. Nakuahidi Sospeter atasafishwa jina lake kwa mdomo uleule uliomnyamazia.

Mwanao wa kazi,
Minza