Mshahara wa Mwanafunzi Wangu

Kimumu, Eldoret

Mama mpendwa,

Goti lako linaendeleaje? Na maharagwe, mvua imeyaacha salama? Sisi huku tu wazima. Mjukuu wako mdogo ameota jino lingine na anauma kila mtu, hata pasta.

Nisamehe kwa kunyamaza. Kuna jambo nilitaka liishe kwanza, lakini halijaisha, na sitaki ulisikie kwa watu.

Unajua kazi yangu pale kwenye ghala la mahindi ni kupima unyevu. Natafuna punje kwanza, halafu mashine inathibitisha. Mwaka jana waliniletea Wekesa, baba wa watoto watatu, nimfundishe. Mtu mzuri sana, mpaka leo ananiita mwalimu. Mwezi uliopita akaniletea karatasi yake ya mshahara nimweleze makato. Mama, niliisoma mara mbili. Mwanafunzi wangu ananizidi kwa karibu theluthi! Naye alipoelewa kwa nini naisoma tena, aliona aibu kuliko mimi.

Ulinifundisha kuvumilia, lakini hili lilinishinda. Nikaenda kwa meneja. Akaniambia kwa upole kabisa, "Nafula, si wewe uko na bwana anakusaidia? Hawa wanaume wako na familia."

Nikamwambia, "Bwana yangu hapimi mahindi yako. Napima mimi."

Baada ya wiki moja akanipandishia mshahara ukawa sawa na wa Wekesa, ila akaniomba nisiwaambie wanawake wanaochambua mahindi, ambao nao wanalipwa chini ya wanaume walioketi nao kwenye gunia moja. Nilifurahi siku mbili. Siku ya tatu Mama Chebet, mkubwa wao, akanigawia chai yake kama kawaida, nikaiweka chini. Nikawaambia wote. Jumatatu tunaingia ofisini pamoja, wanawake kumi na mmoja.

Naogopa, Mama. Wakinifuta kazi, mtatuona hapo nyumbani na watoto na magodoro. Lakini nakukumbuka ukipalilia miwa ya watu kwa nusu ya alichopata Baba, jembe kwa jembe, ukirudi unatuambia ndivyo dunia ilivyo. Sikulaumu hata kidogo. Nilikuwa nakuonea uchungu tu, na sikuwahi kukuambia.

Nisalimie Baba, na kaka Simiyu fundi wa baiskeli. Dada Nekesa, huko jikoni shuleni, mwambie amuulize yule mpishi mwenzake mwanamume analipwa ngapi.

Safari hii usiniambie ninyamaze. Niombee tu.

Binti yako akupendaye,
Nafula