Sanda Niliyomnunulia Athumani

Dada Mwanaisha, mdogo wako nimefika Mombasa salama, ila joto la huku halinipi usingizi.

Leo daktari amepima taya la ile mifupa iliyookotwa ufukweni, tuliyohofia ni ya mwanangu Athumani. Akaniambia, "Mama, taya hili ni dogo na pembe zake hazikutanuka. Naona ni la mwanamke, ingawa taya peke yake si yakini."

Nikamshukuru Mungu, kisha nikaona haya. Yuko mama mwenzangu hajui.

Ile sanda ya kiume, vipande vitatu, sirudi nayo. Nimepita Biashara Street nikaongeza viwili, itimie ya kike, nikamwachia daktari.

Nabusu mikono yako, dada. Usiku msiweke komeo, huenda Athumani akaja.