Picha Alizofuta Maman Neema

Jumanne, Cimpunda

Na ule ukurasa wa mtandao niliotengenezea zahanati bado unajifunga wenyewe. Kwa kuogopa rezo, yaani mtandao, kukatika, niliupakia habari za wagonjwa wote, hata wa zamani, usihitaji kutafuta kitu nje. Kwenye kompyuta yangu unakimbia. Kwenye kasimu ka Maman Neema, muuguzi wa kule Walungu, unajaza memori na kuzimika.

Leo amenipigia. «Papa Heri, nimeshafuta mapicha yote ya marehemu bwana yangu, page yako ipate nafasi. Lakini iko inajifunga tu!»

Mapicha hayakuwa shida. Yanakaa mahali pengine mule simuni, pa kuhifadhia vitu. Mzigo wangu unabana pale simu inapofanyia kazi. Kwa nini sikumweleza mapema...

«Sasa yanaweza kurudi?»

Nilinyamaza. Akaita, «Alo? Alo?» Nikamwacha aamini kwamba rezo imekatika.