Nimemuuzia Mkwe Chenso Isiyo na Breki na Naona Aibu Kumwambia

Mpendwa mshauri Mama Yustina, shikamoo, naomba msaada wako na nauomba haraka, ila kabla sijalia nivumilie nifurahi kwanza, maana hii ni wiki ya tatu mimi ni mke wa mtu na bado kila nikiamka hapa kwetu Misunkumilo naiangalia pete kidoleni kama vile kuna mtu atakuja kuidai.

Mume wangu anaitwa Masalu, Msukuma, mrefu, mpole, akicheka anafunika mdomo kwa kiganja, na mama nisikufiche, huyu mwanaume alipasua mbao porini miaka sita kwa chenso, ule msumeno wa petroli wenye mnyororo, lakini mimi nilimwambia sitaki mume wa kurudi nyumbani nusu, basi hakubisha hata neno, akaiweka chini akaanza kufuga nyuki, kwa ajili yangu, jamani, kwa ajili yangu mimi Lusia niliyekuwa nakaa dawati la mwisho sekondari na hakuna aliyeniona!

Sasa Ijumaa alikwenda Ugalla kurina asali, kule simu hazishiki, na kabla hajapanda pikipiki alinishika mikono yote miwili akasema, "Lusia, mtu akiulizia chenso mwambie anisubiri. Breki ya mnyororo imekufa. Mimi mikono imeizoea, mwingine itamrukia usoni." Nikasema sawa mpenzi, ila kusema kweli nilikuwa naangalia kope zake.

Jumapili nimetoka kanisani, naona baiskeli mlangoni, ni Mzee Malale kutoka Kabungu, mdogo wake baba mkwe, na hapo ndipo nilipoharibu, kwa sababu mimi ni Mkonongo na kabla ya harusi wifi yangu Suzana alinifundisha adabu za kwao, kwamba mbele ya mkwe unapiga magoti, macho chini, humkatizi na humwambii hapana, na mimi nilivyo na mapenzi nimezishika kuliko Wasukuma wenyewe, hadi mama mkwe ananisifia kisimani.

"Mkwe, nasikia mwanangu ameachana na ile mashine."

"Ndiyo, baba."

"Naitaka. Nina miti pembeni ya shamba, Jumamosi naiangusha yote."

Nikajikaza. "Baba, labda tumsubiri mwenyewe..."

"Mwenyewe si mwanangu? Au unaninyima, mkwe?"

Mama Yustina, nilitamani kujificha kwenye mtungi. Nikasema, "Hapana baba, ichukue." Akaishika juu chini, akaniuliza mafuta yanaingilia wapi, halafu akacheka, "Kumbe ni kama pampu ya kumwagilia bustani tu!" Na mimi nikacheka! Nikaingia ndani nikaandika karatasi kwa mwandiko mzuri, nikaiga ile aliyouzia pikipiki kaka yangu, "Mnunuzi ameiona mashine na kuridhika, muuzaji hahusiki na lolote litakalotokea," pembeni nikachora ua, mzee akaweka dole gumba bila kuuliza imeandikwa nini. Akanihesabia hela, akaifunga kwenye keria ya baiskeli akaondoka anapiga mluzi, na mimi nikaenda na hela hizo kununua mapazia mekundu.

Usingizi umenikataa tangu siku hiyo. Akiumia nitafungwa? Karatasi yangu itanilinda? Au nikinyamaza, Jumamosi inaweza kupita salama, Masalu akarudi na asali yake tukaendelea kupendana? Kumpigia mkwe nimkosoe siwezi, watasema Masalu ameoa mwanamke mwenye mdomo.

Bibi harusi, Misunkumilo

MAMA YUSTINA ANAJIBU HEWANI

Marahaba, binti yangu, na hongera kwa ndoa. Ujumbe wako umeingia jana na ulikuwa na foleni ya watu kumi na wanne mbele yako. Nimekurusha foleni. Nilicheka hadi kwenye dawati la mwisho, nilipofika kwenye breki nikaacha.

Mimi si wakili, lakini nilimuuliza mmoja kabla sijakaa hapa. Kuuza kifaa kilichotumika si kosa, na mnunuzi naye ana wajibu wa kukikagua. Lakini wewe ulijua ubovu ambao mgeni wa mashine hawezi kuuona, ulijua mzee hajawahi kuishika, ukanyamaza. Akikatika, yeye au wanawe wanaweza kukudai fidia. Karatasi yako usiitegemee. Itasomwa mbele ya hakimu kwamba ulijikinga na jambo ulilolijua, tena kwa mtu ambaye hukumsomea. Ua halitakusaidia. Jela sikutabirii, hilo si langu. Na jambo jingine: chenso husajiliwa ofisi ya misitu. Kama ile ina jina la Masalu, na mzee akaangusha mti unaohitaji kibali, mlango wa kwanza kugongwa ni wenu.

Kisha umeuza kitu cha mumeo alichokukataza kuuza. Mapenzi gani hayo ya kusikiliza kope badala ya maneno?

Sasa adabu. Nimeolewa kwa Wasukuma miaka thelathini na moja, nimepiga magoti hadi yana sugu. Sijaona mke aliyerudishwa kwao kwa kusema, "Baba, nyoka yuko mguuni pako." Suzana alikufundisha namna ya kusema. Hakukufundisha kuacha mtu afe. Neno gumu la mkwe lina njia yake, linapita kwa mama. Mpigie mke wa Mzee Malale sasa hivi, mwambie breki imekufa, atoe plagi ili mashine isiwake, aifunge kwenye pindo la khanga yake mpaka ufike. Asipopokea, panda bodaboda uende Kabungu leo, si kesho. Piga magoti, angalia chini, useme kila kitu kwa sauti. Mrudishie hela yote. Mapazia yakipunguza, uza mapazia.

Masalu akirudi mwambie kabla hajavua viatu. Atakasirika. Mwanaume aliyeacha kazi ya miaka sita kwa ajili yako hatakuacha kwa kusema kweli, ila kukuta umemficha kitu cha kuua baba yake mdogo, hapo sijui. Chenso itengenezwe breki kwa fundi, muulize ofisi ya misitu taratibu za kubadilisha jina, ndipo auziwe mtu aliyefundishwa kuitumia. Miti ya mzee akaiangushe Masalu mwenyewe, ni siku moja tu, na wewe ukapike.

Nimekupigia mara tatu asubuhi hii hupokei. Kwa hiyo nisamehe, siwezi kukusubiri wewe peke yako.

Shikamoo Mzee Malale wa Kabungu. Naongea nawe nikiwa nimepiga magoti hapa studio, fundi mitambo ni shahidi. Ile mashine uliyoichukua Jumapili haina breki, baba. Mkweo aliona haya kukwambia. Usiiwashe.