Hapana za Velma

Fereej Bin Mahmoud, Doha
14 Machi 2013

Kwa Mama mpendwa,

Pokea salamu zetu, kisha utuambie goti linaendeleaje na kama mvua imewafikia mkapanda. Sisi tu wazima. Mkweo Laban bado anaendesha basi la kampuni, anawapeleka vijana kazini Industrial Area. Mjukuu wako Velma ametimiza miaka minne.

Mama, Velma ni mtoto wa kutazama. Asubuhi jua likipenya pazia, hukaa sakafuni akifuata vumbi linavyoelea kwenye mwanga. Nami huacha ufagio nikakaa naye, tukawa kama watu walio ndani ya maji. Haniiti. Hunigusa tu kidevu. Najua hapo utashangaa, lakini soma mpaka mwisho.

Daktari alisema amechelewa kusema na mambo mengine, akatuelekeza kwenye shule ndogo ya watoto kama yeye. Tulienda Jumanne ya wiki iliyopita. Mimi nilidhani ni intaviu kama zile za nasari huko kwetu, mtoto akishindwa anarudishwa. Wiki nzima nilimfundisha rangi. Mwalimu Kendi, binti wa Meru, aliuliza kama anaunganisha maneno mawili. Nikasema ndiyo. Kama anapanda ngazi bila kushikwa, ndiyo. Kama anakula mwenyewe, ndiyo, hata ugali. Laban akakohoa. Velma alipewa vibao vya rangi, akaviacha, akawa anafuata kivuli cha feni ukutani huku akicheka polepole.

Kendi akaweka kalamu chini. Akaniambia, dadangu, hapa hatutafuti mtoto hodari, huyo ana shule zake nyingi. Nafasi iliyobaki ni moja, na ukimpamba hivi unamfungia mlango. Laban naye akasema kama Velma ndiye anayeongea hivyo, basi nyumbani kwetu bubu ni yeye Laban. Tukacheka, kisha nikalia, nikaomba tuanze tena swali la kwanza. Hapana. Hapana. Bado. Kila hapana ilikuwa kama kuvua kiatu kinachobana.

Jana wamepiga simu. Velma amepata nafasi, anaanza Jumapili, maana huku wiki ya shule huanzia siku hiyo.

Sasa Mama, imebaki hapana moja, nayo ni yako. Sauti uliyoisikia kwenye simu Krismasi ikikuamkia bibi yake, "Mulembe kukhu," haikuwa ya Velma. Ilikuwa ya Cherotich, mtoto wa jirani yetu hapa Doha. Ulikuwa umeita majirani wote waje wamsikie mjukuu wa Uarabuni, nikashindwa kukuaibisha. Velma alikuwa pajani pangu, sikio kwenye simu. Ulipomtaja jina, alifumba macho akatulia. Nisamehe.

Barua hii anakuletea Harun, mwenzake Laban kazini, anakuja likizo. Ukishaisoma, nitapiga Ijumaa itakayofuata. Wasalimie wote, na Mungu awatunze.

Ijumaa hiyo nikimwekea mtoto simu sikioni, utasikia kimya tu. Huyo ndiye Velma. Msalimie.

Mimi bintiyo,
Nafula