Mgongo Wangu na Uzito wa Mamu

Lubumbashi, Katuba, mwezi wa saba

Yaya Chola, dada yangu mpendwa,

Ni mimi mdogo wako Mwansa. Nakusalimu sana, wewe na wote wa nyumbani Kasenga. Kifua chako kimepoa? Na Mama, macho yake yanaendeleaje na moshi wa samaki? Mwambie asiiname juu ya moto, awaachie watoto kazi hiyo. Sisi tupo. Baridi ya mwezi huu ni kali, vumbi linaingia mpaka ndani ya sahani, lakini tupo.

Siku ile uliponipigia simu uliniuliza, "Sauti yako iko vile juu ya nini?" Nikakujibu kwamba ni rezo, simu haishiki vizuri. Haikuwa rezo. Nilikuwa nimelala kwenye godoro chini, nyumba imejaa watu wa upande wa mume wangu, sikuweza kusema kitu. Sasa nakuandikia, na mama mmoja wa sokoni anayerudi huko kuchukua samaki atakufikishia.

Unajua kwamba mama mkwe wangu, ambaye tunamwita Mamu kama Wakasai wanavyomwita mama, alipooza upande wa kuume mvua zilipokuwa zinaisha. Wakamleta kwetu kwa sababu Kalonji ndiye mtoto wake wa kiume aliye hapa mjini. Kichwa chake ni kizima. Mdomo umepinda na maneno yanatoka polepole, lakini anaelewa kila kitu. Ni mwili tu uliokataa, na ule mwili uliuona mwenyewe siku ya ndoa yangu. Si wa mtu mdogo.

Kalonji anatoka asubuhi kwenda Kasapa, kwenye kibanda karibu na chuo kikuu, anakowapigia chapa wanafunzi kazi zao kwenye kompyuta. Anaketi hapo mpaka jua linaanguka. Akirudi anashika kiuno. "Mugongo inaniua, Mwansa. Nimeikala tangu asubui." Nami nampaka dawa ya kuchua. Mgongo wangu mimi sikuusema. Ulianza kama uchovu tu. Asubuhi nilikuwa namnyanyua Mamu kutoka kitandani mpaka kwenye kiti, kutoka kiti mpaka kwenye beseni, kisha namrudisha. Halafu bidon za maji kutoka kwa jirani mwenye pompi. Halafu mashuka yake, nimeinama juu ya beseni, halafu kusonga bukari, nimeinama juu ya mbabula ya makaa. Nilijifunga liputa kiunoni kwa nguvu, nikanunua vidonge kwa muuza dawa wa barabarani, nikaendelea.

Nitakuambia jambo lingine, usilie. Mwili ulikuwa unauma, lakini ndani sikusikia kitu. Watu wa kanisa walikuja kutuombea, wakaimba vizuri, na mimi nilikuwa naangalia viatu vyao. Watoto wakicheka nacheka, kwa sababu ni wakati wa kucheka. Nilikuwa kama mtu anayesikiliza redio ya jirani.

Asubuhi moja Kalonji alikuwa ameshatoka, watoto wako shuleni. Nikamshika Mamu chini ya makwapa, nikamwinua, nikageuka nimpeleke kwenye kiti. Nilisikia kitu kinachanika kiunoni, kama mtu anapasua kitambaa. Mguu wa kushoto ukatoweka. Tukaanguka sote wawili kwenye sakafu ya sima, yeye juu yangu.

Tukalala hapo. Nilijaribu kujiviringisha, nikashindwa. Uso wake ulikuwa karibu na wangu.

"Mwansa," akasema, "uko unakufa?"

"Hapana, Mamu. Niko."

"Basi usitikisike."

Liputa langu lilikuwa limepanda mpaka mapajani. Mamu akanyoosha mkono wake mzima, taratibu sana, akalivuta, akalivuta tena, mpaka akanifunika magoti. Akasema, "Bantu batakuja." Basi. Tukangoja watu waje watukute tumefunikwa vizuri.

Aliyekuja ni Maman Véro, jirani yetu, alikuja kuomba makaa ya moto. Akasimama mlangoni na sahani yake ya bati. "Mama yangu! Munafanya nini?" Akakimbia kuwaita mafundi wa mbao wa ng'ambo ya barabara. Wakamwinua Mamu kwanza, niliwaomba hivyo. Mimi walinibeba juu ya mlango waliokuwa hawajamaliza kuupiga randa.

Kwenye kituo cha afya walinipeleka kwa kiné, yule anayetibu watu kwa kuwanyoosha viungo. Ni kijana mnene, mpole. Aliniinua mguu, akanigonga goti, akaniuliza kama nasikia vidole. Nikasema mguu umekufa ganzi upande wa nje, vidole navisikia kwa mbali. Akauliza kama mkojo unatoka vizuri, nikasema ndiyo, nikamweleza nilivyoanguka na mama mkwe.

"Na nani anakusaidiaka kumunyanyua mama mukwe?"

"Hakuna. Miye moya."

Akaushusha mguu wangu taratibu. Kisha akanieleza kwamba mfupa haukuvunjika. Kuna mshipa wa fahamu umebanwa, na mara nyingi unajifungua wenyewe ukipewa nafasi. Akanikataza kulala kutwa. Nilale nikichoka, kisha niamke nitembee uani. Nikilala ubavu niweke mto kati ya magoti. Kitambaa cha maji ya moto kiunoni, vidonge baada ya kula. Mbabula ipandishwe juu ya matofali nisiiname tena. "Na maji, maman, jaza bidon mbili za kidogo, moya ku kila mukono. Usibebe moya kubwa upande moya." Akaniambia pia kwamba nikishindwa kushika mkojo, au nikifa ganzi mahali pa kukalia, au miguu yote miwili ikilegea, nirudi mara moja, nisingoje hata kuoga. Mwisho akasema, "Na ule mama, mutu moya asimunyanyue tena. Ata akiwa na nguvu."

Ndiyo maana familia ilikusanyika, siku ile uliyopiga simu. Dada mkubwa wa Kalonji, Tantine Mbombo, alikaa kwenye kiti cha Mamu na kusema Mamu apelekwe kwake Likasi. Maman Véro akauliza kwa nini Kalonji mwenyewe asimnyanyue mama yake. Tantine akashtuka. "Mwanaume ashike mwili ya mama yake? Kwetu ni haya. Haiwezekane." Kalonji aliangalia mikono yake. Nilijua kwamba Likasi Tantine anauza dukani kutwa, na Mamu angebaki kitandani akioza mgongo. Nilijua hilo, lakini sikusema. Sikuwa na hasira wala huruma. Nilihesabu mbao za dari tu.

Ndipo Mamu akasema kutoka kitandani, "Muniulize na miye."

Wote wakamgeukia. Alichukua muda mrefu kuyatoa maneno.

"Kunisafisha, bamama batanisafisha. Kunyanyua si kusafisha. Kalonji, kuya huku."

Kalonji hakusogea. Tantine akaanza kusema jambo, Mamu akainua ule mkono mzima, Tantine akafunga mdomo. Mume wangu akasimama, akaenda, akainama kama mtu anayeokota kitu chini. Nikasikia sauti yangu inatoka huku kwenye godoro.

"Usiiname hivyo. Kunja magoti. Mulete karibu na kifua yako kwanza. Sasa simama na miguu. Usigeuze kiuno, geuza miguu yako."

Akafanya hivyo. Mamu alifika kwenye kiti bila kugonga kitu. Tantine alikuwa ameshainuka kumpisha. Aliaga mapema, na hakuna aliyetaja Likasi tena.

Sasa Kalonji anamwinua asubuhi kabla ya kutoka, na jioni akirudi. Mchana Maman Véro anakuja, tunamsogeza kwa shuka, kila mtu upande wake, na kumsafisha tunamsafisha sisi. Kule kazini Kalonji ameanza kuinuka kila baada ya kurasa chache, anatembea mpaka kwenye mti wa nje na kurudi. Anasema kiuno chake kimepungua maumivu. Mguu wangu unarudi polepole. Kuhusu moyo, sijui, Yaya. Unaniita nije nipumzike Kasenga, lakini barabara ile na mashimo yake mgongo wangu hauiwezi bado.

Nisalimie Mama, umwambie natembea. Nisalimie shemeji mwenye mitumbwi, na kaka yetu mwalimu, na bibi mdogo aliyenifundisha kusuka. Wabusu watoto wako wote, hata yule mkaidi.

Naishia hapa kwa sababu Mamu ananiita. Kila mchana, Maman Véro akishaondoka, ananiambia niketi kwenye kigoda mbele yake, nimpe mgongo. Ananikanda kwa ule mkono mmoja. Hauna nguvu, ni kama mtoto anakupangusa vumbi, na anakanda juu, karibu na mabega. Maumivu yako chini kabisa. Simwambii. Nakaa tu mpaka mkono wake uchoke.

Mdogo wako anayekukumbuka,
Mwansa