Maua ya Gerald Katikati ya Mahindi

Endagikot, Mbulu

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku imenivalisha masweta mawili kama mtoto wa darasa la kwanza. Nimeandika kwa sababu kwenye simu ukianza kulia mimi hukubali kila kitu. Najua unatafuta tarehe ya kurudi kwangu nyumbani. Vumilia, nitafika hapo.

Unakikumbuka kile kipande cha msitu nyuma ya nyumba, ambacho marehemu mume wangu alikizungushia uzio? Watu walimshauri Gerald alime mahindi, naye akawajibu kwamba humo mna maua ya asili, wasubiri mvua. Tangu tumzike, nikitoka zahanati nilikuwa nakwenda kukaa pale. Hapakuwa na mahali pengine nilipopata nafuu.

Mwezi wa kumi nilitoka zamu nikakuta majirani wamepalima pote. Huku mjane haachwi alime peke yake, watu huja na majembe bila kuitwa. Jirani yangu Mama Renatus alinipokea kwa furaha, akasema wameniondolea pori, sasa nitavuna. Mizizi ya yale maua, minene kama vitunguu, ilikuwa imekatwakatwa na kutupwa hadi shambani kwake. Niliwashukuru, nikaingia ndani nikalia. Ndipo nikakuambia nimeomba uhamisho.

Mvua zikaja. Mama, yameota. Maua mekundu ya duara, makubwa kama ngumi mbili, yametokeza katikati ya mahindi, kando ya njia, hadi kwa Mama Renatus. Gerald mwenyewe hakuwahi kuyaona mengi hivyo. Wakati wa palizi Mama Renatus aliuliza kama tuyang'oe, nikamweleza yalikuwa ya nani. Alikaa palepale kwenye tope, akaniuliza mbona sikuwaambia. Kesho yake majirani walikuja wakapalilia wakiyazunguka, ua moja moja, hata shambani kwake. Safari hii niliwashukuru kwa moyo wote.

Sasa lile unalolitafuta. Uhamisho ulikubaliwa wiki iliyopita, nami nimeukataa. Nisamehe, Mama. Kile chumba ulichonitunzia mpe mdogo wangu Evaline, amelala sebuleni vya kutosha. Mvua zijazo uje wewe, nitakupokea stendi.

Wasalimu wote hapo nyumbani. Mama Renatus naye anakusalimu, ameniagiza nikuambie usihofu, mwanao ana watu.

Ni mimi binti yako,
Severina